Mitumba ya wanaume: kamera inakwenda wapi?

Kila bajeti inapokaribia, suala la mitumba hufufuliwa. Mmoja atasema nguo hizi ni aibu kwa taifa, mwengine atasema ziachwe kwani ndiyo riziki ya mnyonge, kisha Juni hupita na sote hurudi Kongowea kuchagua. Mwaka 2021 marehemu Raila Odinga aliwakasirisha wauzaji aliposema Wakenya wanavaa nguo za watu waliokufa. Wauzaji walijibu, magazeti yakaandika, na mambo yakaishia hapo.

Katika mabishano hayo yote kuna swali moja ambalo silisikii. Mwanamume wa Mombasa mwenye mia tatu mfukoni, anayetaka shati la kwendea kazini litakalodumu miaka miwili, atalipata wapi? Duka la nguo mpya litampa kwa bei hiyo shati la poliesta linalong'aa, linalochoma mgongo saa sita mchana na kufumuka kwapa kabla ya mfungo kuisha. Mtumba, akijua kuchagua, utampa pamba nzito iliyoshonwa vizuri. Kwa hivyo mjadala huu una uzito kwake, na kwa sasa unazidi kumwendea vibaya.

Tuanze na koti, maana hapa kwetu koti si nguo ya ofisini tu. Sikukuu, nikahi, maulidi, mtu huvaa kanzu yake, kofia, na koti juu. Koti jipya la sufu liko nje ya uwezo wa wengi wetu. Makoti mengi unayoyaona msikitini siku ya Idi yalivuka bahari ndani ya belo, na hakuna wa kumcheka mwenzake. Fundi alipunguza mikono, akabana kiuno, na koti likawa la mwenyewe.

Ila fundi ana mipaka yake. Mikono inapunguzika, kiuno kinabanika, pindo la suruali linakatika (na wanaopenda suruali ipande juu ya kifundo cha mguu wanajua raha ya hilo). Mabega hayatengenezeki kwa bei ya maana. Ukivaa koti na bega likaning'inia, lirudishe hata kama kitambaa kinakuita. Tazama pia kifua. Koti lililowahi kufuliwa kwa maji na mwenyewe wa kwanza mara nyingi huvimba vipovu pale mbele, kwa sababu gundi ya ndani imeachia. Pasi haiviondoi. Geuza ndani uone bitana, hasa kwapani, kwani ndipo panapoanza kuchanika.

Kwenye mashati, kola ndiyo shahidi. Ikunjue uitazame mkunjo wake. Kama nyuzi zimeanza kuchakaa pale, shati limekwisha hata kama kifua kinang'aa. Kisha tazama mshono wa ubavuni. Mishono midogo iliyokaribiana ni dalili ya fundi aliyelipwa kufanya kazi. Kama lebo imekatwa na una shaka ya kitambaa, omba ruhusa uvute uzi mmoja kwenye pindo uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta huyeyuka na kuganda kijidonge kigumu. Viatu navyo vina uangalifu wake kwetu sisi. Viatu vingi vya ngozi kutoka Ulaya vimewekwa bitana ya ngozi ya nguruwe, na dalili yake ni vitundu vidogo vilivyokaa vitatu vitatu. Muuzaji hawezi kukuambia asichokijua, tazama mwenyewe.

Haya yote yalikuwa elimu ya kutosha miaka kumi na tano iliyopita. Leo hayatoshi, kwa sababu nguo nzuri zenyewe hazifiki mezani.

Kwanza, nguo za wanaume ni chache tangu kule zinakotoka. Mwanamume wa Uingereza au Canada hununua nguo kidogo na huivaa mpaka ichoke, kwa hivyo kinachotolewa ni kingi cha wanawake na watoto. Pili, kile kinachotolewa kimebadilika. Nguo za bei rahisi za mitindo ya msimu, zinazotengenezwa zivaliwe mara chache na kutupwa, ndizo zinazojaza maghala ya huko. Tunachokipokea ni kivuli cha wanachokivaa. Wakivaa takataka, miaka miwili baadaye tutafungua belo la takataka.

La tatu ni letu wenyewe. Belo likifunguliwa, kamera, yaani zile nguo za kwanza zilizo bora, huondoka asubuhi ileile. Vijana wenye simu wanazijua. Huzichukua, huzipiga pasi, huzipiga picha, na jioni shati lililonunuliwa kwa mia mbili linauzwa Instagram kwa elfu moja na mia mbili na kusafirishwa Nairobi. Siwalaumu, wamejitafutia kazi ambayo hakuna aliyewapa. Lakini kuli wa Kilindini anayefika sokoni baada ya alasiri anakuta fagia, na fagia ndiyo anayoambiwa ni mtumba.

Anayeumia zaidi ni mama anayelifungua belo hilo. Yeye hununua kitu kilichofungwa. Analipa maelfu ya shilingi, mara nyingi za chama au za mkopo, na hana haki ya kulichungulia. Likitoka jema, ni Mungu. Likitoka majaketi ya baridi yaliyochanika, hasara ni yake, na mwenye ghala hamjui. Yasiyouzika huishia jaa la Mwakirunge, kwa gharama ya kaunti, yaani yetu.

Sasa itazame sera kwa jicho hilo. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuyaondoa mitumba hatua kwa hatua kufikia 2019. Marekani ikatishia kuwanyima nafasi ya soko lake chini ya AGOA. Kenya ilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia, ikiwa imepandisha ushuru hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Sisi tulijaribu marufuku yetu bila kukusudia, Machi 2020, kwa sababu ya korona. Ilidumu hadi Agosti. Miezi ile haikuzaa kiwanda hata kimoja cha mashati ya mia tatu. Ilizaa njaa Kongowea.

Wanaotaka kupiga marufuku hutaja viwanda vilivyokufa miaka ya 1990 milango ya biashara ilipofunguliwa, na hawasemi uongo. KICOMI ya Kisumu ilifungwa. Rivatex ya Eldoret ilianguka, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikazinduliwa upya 2019. Na hapa Mombasa tuna viwanda vya EPZ ambavyo dada zetu hushona nguo za kupelekwa Marekani. Ustadi upo, basi. Suruali iliyoshonwa hapa yaweza kabisa kuvaliwa Texas miaka mitatu na kurudi bandarini ndani ya belo, inunuliwe na kaka wa aliyeishona. Ukiyafunga mitumba leo, nafasi hiyo haitachukuliwa na Rivatex. Itachukuliwa na kontena la poliesta mpya kutoka China.

Ningeanza na belo lenyewe. Ushuru wa mitumba Afrika Mashariki una kipimo cha kilo, na kilo ya matambara haina tofauti na kilo ya suti. Mwagizaji hana sababu ya kutafuta bora. Alazimishwe kuandika juu ya belo aina ya nguo, daraja, uzito na nchi ilikotoka, pamoja na jina lake, na mnunuzi aliyeuziwa matambara kwa jina la daraja la kwanza awe na pa kudai. Shirika la viwango, KEBS, tayari hudai cheti kwamba mitumba imepuliziwa dawa. Kuongeza karatasi ya yaliyomo si mzigo.

Katiba, kifungu cha 201, inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na kila mswada wa fedha bunge huita maoni. Vyama vya wafanyabiashara wa Nairobi hufika na mawakili. Wauzaji wa Kongowea na Mwembe Tayari wana madiwani, wana wabunge, na wana wakati wa kutosha kuandika kurasa mbili kabla ya mswada ujao, wakianza na swali la nani anayelipa belo likitoka bovu.