Fundi Charlie Taylor na Injini ya Ndege ya Kwanza

Mwezi huu tumependelea kuwasimulia wasomaji wetu, wazee kwa vijana, maisha ya mtu ambaye jina lake ni wachache walijualo, ingawa kazi ya mikono yake imewafaa walimwengu wote, hata mahujaji wetu, ambao leo hufika Hijazi kwa saa chache, safari ambayo babu zetu waliifanya kwa majuma mengi baharini. Mtu huyo ni Charles Taylor, makanika wa Marekani, ambaye watu walimwita Charlie. Hakuwa Mwislamu, wala hatumtaji kwa ajili ya dini. Twamtaja kwa kazi yake, na kwa namna alivyowahangaikia watu wa nyumba yake.

Alizaliwa tarehe 24 Mei, 1868, katika jimbo la Illinois. Shule aliiacha mapema, akaingia kazini angali mtoto. Mwaka 1894 alimwoa Bibi Henrietta Webbert, na baada ya muda wakahamia mji wa Dayton, katika jimbo la Ohio. Huko, mwezi wa Juni 1901, aliajiriwa na ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, waliokuwa na duka la kuunda na kutengeneza baiskeli. Mshahara wake ulikuwa dola 18 kwa juma. Wenyewe walikuwa wakisafiri mpaka pwani ya North Carolina kujaribu kuruka kwa mabawa yasiyo na injini, na kila waondokapo walimwachia Taylor duka zima, fedha na wateja. Hatuoni sifa ya fundi iliyo kubwa kuliko hii, ya kuachiwa ufunguo na mwenye mali akalala usingizi.

Mwisho wa mwaka 1902 ndugu hao walitaka injini ya kutia katika ndege yao. Waliwaandikia watengenezaji wa motokaa, wasipate injini iliyo nyepesi kama watakavyo: isiyozidi ratili 200, na yenye nguvu za farasi 8 kwa uchache. Basi waliazimia kuiunda wenyewe, na kazi ikamwangukia Charlie Taylor. Ramani kamili haikuwapo. Waliichora sehemu moja moja juu ya vipande vya karatasi, naye akavibandika juu ya meza yake ya kazi. Vyombo vikubwa alivyokuwa navyo ni mashine ya kukerezea na keekee, vile vile vya kutengenezea baiskeli.

Mafundi wanaotusoma watalielewa neno hili kuliko sisi. Krankishafti, yaani chuma kile kilichopindapinda ambacho pistoni hukizungusha, Taylor aliitoa katika bamba nene la chuma lenye uzito wa ratili 100. Alichora umbo lake juu ya bamba, akatoboa matundu mengi kuufuata mstari, akavunja vipande vya pembeni kwa nyundo na tindo, kisha akaitia katika mashine na kuikereza mpaka ikalingana. Ilipokwisha ilikuwa na uzito wa ratili 19. Injini nzima ilimalizika kwa majuma 6. Haikuwa na kabureta kama tuzijuazo, na petroli ilishuka yenyewe kutoka katika tangi. Ilipojaribiwa mwezi wa Februari 1903, petroli ilidondokea beringi, zikashika, na kasha la injini, lililosubiwa kwa aluminiamu, likapasuka. Likasubiwa jingine, kazi ikaanza tena. Mwishowe injini ikatoa nguvu za farasi 12, zaidi ya walivyotaka. Tarehe 17 Desemba, 1903, ndege ikaruka mara nne. Mara ya kwanza sekunde 12 tu, mara ya mwisho sekunde 59. Taylor hakuiona ikiruka siku hiyo. Alikuwa Dayton, akiangalia duka.

Kwetu sisi, mzazi akiona mwanawe ameshindwa na mtihani husema, "Basi na aende gereji," kana kwamba gereji ni jaa la kutupia watoto. Tusomeshao chuoni twawajua vijana ambao herufi huwatoka kichwani, lakini mpe saa mbovu aifungue, hatapoteza hata msumari mmoja. Huyo hakushindwa. Na mwenye kujua kitabu asidhani kuwa amesalimika na haja ya spana.

Taylor alitamani sana kujifunza kurusha ndege, lakini mabwana zake hawakumfundisha, walimtaka karakanani. Hata hivyo aliwapenda. Mwezi wa Septemba 1908, Orville alipoanguka na ndege huko Fort Myer, Luteni Selfridge akafa na Orville akavunjika mifupa, walioshuhudia walisema kuwa Taylor aliegemea mabaki ya ndege akalia kama mtoto. Ila moja hatuwezi kumfichia: alivuta sigara kubwa kubwa mchana kutwa, na dada yao akina Wright alichukizwa nazo sana. Katika hilo sisi tuko upande wa bibi yule.

Mwaka 1911 alimfuata rubani Calbraith Rodgers, aliyekuwa akivuka Marekani kutoka pwani hata pwani. Taylor alikuwa katika gari la moshi pamoja na vipuri, na kila ndege ilipoanguka, nayo ilianguka mara nyingi, yeye aliitengeneza. Ujira wake ulikuwa dola 10 kwa siku. Mkewe na wanawe aliwatanguliza California, na huko mkewe akaugua. Bibi Henrietta alifariki mwaka 1930, wakati wa dhiki kuu ya kazi na fedha. Mali aliyoitia katika ununuzi wa ardhi ilipotea. Henry Ford alipomtafuta, ili amsaidie kulirudisha duka la akina Wright katika hali yake ya zamani, alipatikana akifanya kazi katika kiwanda cha ndege kwa senti 37 kwa saa, na wenziwe hawakujua kuwa ndiye aliyeunda ile injini ya kwanza.

Orville alimwachia katika wasia dola 800 kila mwaka. Hazikumtosha uzeeni. Mwaka 1955 mwandishi wa gazeti alimkuta mgonjwa katika wodi ya maskini, na ndipo watu wa ndege wakachanga fedha kumhamisha. Twajiuliza, walikuwa wapi kabla ya gazeti? Lakini tusiwacheke Wamarekani. Katika miji yetu wako mafundi wazee, macho yamekwisha kwa cheche za kuchomea vyuma, wamekaa barazani, na motokaa walizozifufua zapita mbele yao bila ya mtu kuteremka kuwaamkia.

Charlie Taylor alikufa tarehe 30 Januari, 1956, akiwa na miaka 87. Siku na mwezi ule ule aliokufa Orville, miaka 8 nyuma. Huko kwao siku aliyozaliwa, 24 Mei, sasa ni siku ya mafundi wa ndege, na aliyeifanya kazi hiyo miaka 50 hupewa tuzo yenye jina lake.