Muziki wa Githeri

Mtu akikuambia kuwa muziki mwema ni ule tu usiochanganyika na mwingine, muulize kwanza amekula nini jana usiku. Akiwa mkazi wa Plateau, huenda akajibu kuwa alikula githeri. Na githeri ni nini ila mahindi yaliyokubali kukaa chungu kimoja na maharagwe?

Nina sababu ya kuuliza hivyo. Nilipokuwa kijana wa umri wako, mwalimu wa shule moja, ambayo haina haja ya kutajwa, alimnyang'anya mwenzetu kaseti. Aliisikiliza kwa dakika chache, akatutazama, akasema, "Huu si muziki, huu ni githeri." Darasa zima lilicheka, nami nilicheka pamoja nalo. Kicheko kile chaniudhi mpaka leo, maana tuliihukumu kazi ambayo hatukuwa tumeisikia hata nusu yake. Kaseti ile ilikuwa nakala ya albamu iitwayo A Night at the Opera, iliyotolewa Uingereza na kundi la Queen mwezi wa Novemba 1975. Nataka kuitetea mbele yako, msomaji, kwa kuwa hoja iliyotumika kuidharau yaweza kutumika kukudharau wewe.

Albamu hiyo ina nyimbo 12, na hakuna kapu moja liwezalo kuzichukua zote. Wa kwanza ni roki yenye hasira, magita yakinguruma kama radi ya Aprili. Mara hufuata wimbo mfupi wa madaha, kama zile nyimbo za kumbi za starehe za Waingereza wa kale. Mbele kidogo uko wimbo uitwao '39, wa gita lisilo na umeme, katika mtindo wa nyimbo za wanakijiji. Nao wasimulia wasafiri wa anga waliorudi nyumbani wakakuta miaka mingi imewapita wale waliowaacha. (Aliyeutunga, Brian May, alikuwa mwanafunzi wa elimu ya nyota kabla ya kuwa mpiga gita.) Katika wimbo mwingine May huyo huyo aliliigiza bendi nzima ya jazi kwa gita lake peke yake, sauti kwa sauti, na katika mwingine tena Freddie Mercury na Roger Taylor waliigiza tarumbeta na zumari kwa vinywa vyao. Kisha huja Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio. Huanza kwa sauti tupu, ukatulia kwenye piano, ukapanda ukawa opera, ukalipuka ukawa roki, halafu ukazimika taratibu kama makaa. Kwaya kubwa usikiayo katikati si kwaya. Ni watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, waliorekodi sauti zao juu ya sauti zao mara nyingi mno, na sehemu hiyo peke yake ilichukua yapata majuma matatu.

Sasa nirudi kwenye chungu. Ajuaye kupika githeri ajua kuwa mahindi makavu hayawi tayari kwa saa moja. Mwenye pupa huyatia pamoja na maharagwe yenye ganda jepesi, akaepua mapema. Atakayekula atalala akishika tumbo. Kosa hapo si la mchanganyiko, ni la mpishi asiyeyajua mahindi. Nakiri kuwa wapo wanamuziki wa namna hiyo, na leo ni wengi. Huazima mdundo wa huku na kilio cha kule kwa kuwa vinauzika, wala hawajui sheria ya kimoja wala cha pili. Hao sina la kuwatetea. Lakini watu wa Queen walipoingia katika opera walitii opera, na walipoingia katika jazi walitii jazi. Hilo ndilo la kupimwa, na mwalimu wetu hakulipima.

Na mpishi mwenyewe ni nani? Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi waliotoka Bara Hindi. Alipelekwa shule India akiwa mdogo, akarudi Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, jamaa yake ilihamia Uingereza. Sisemi kwamba alijifunza opera Forodhani; huo ungekuwa uongo wa kujipendekeza. Ila alizaliwa katika mji ambao taarabu yake ina udi wa Waarabu, fidla ya Wazungu na maneno ya Kiswahili, na ambao mwimbaji wake mkuu, Siti binti Saad, alivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Na ndani ya ile opera ya Bohemian Rhapsody limo neno ambalo watoto wa Unguja hulitamka kabla ya kutia tonge kinywani. Lisikilize, utalitambua.

Nawasikia wakisema: hayo ni ya pwani, sisi wa nyanda za juu tunao muziki wetu safi. Safi? Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mitambo yake akawarekodi wasichana wa Kikipsigis. Waliimba juu ya kiumbe nusu mtu nusu paa, jina lake Chemirocha. Na jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye sahani zake zilikuwa zimefika huko. Wasichana wale hawakuomba ruhusa kwa mtu. Walimchukua mgeni, wakampa kiambishi cha lugha yao, wakamtia katika wimbo wao, na leo wimbo huo ni hazina.

Wala Plateau haina usafi wa kujivunia. Jina lake ni la kigeni, kituo chake ni cha reli iliyofika Eldoret mwaka 1924, na Eldoret yenyewe wazee waliiita Sisibo, kutokana na shamba nambari 64 kama lilivyotamkwa kwa Kiingereza. Mtoto wa hapa huongea lugha tatu kabla ya kufika sokoni. Atakayesema kilichochanganywa hakina thamani, na aanze kwa kumweleza mtoto huyo amkate wapi.

Basi itafute albamu ile. Usiokote wimbo mmoja ukaacha mingine. Isikilize yote kwa mpango wake, tangu wa kwanza mpaka ule wimbo wa taifa wa Waingereza unaopigwa kwa gita mwishoni. Ukimaliza, una haki kamili ya kuichukia. Mimi mwenyewe wimbo wa tatu, ambamo Taylor aisifu motokaa kama mchumba, sijaupenda mpaka leo, nami huuvumilia kila mara kwa sababu ya wa nne.