Kabla hujaandika "alijitakia"

Vichwa vya habari vyetu vina mtindo mmoja. "Msichana anajisiwa." "Mwanamke abakwa akitoka kazini." Ukisoma hivyo, aliyetenda hayupo kabisa. Yupo mwanamke tu, na saa aliyotoka, na nani alikuwa naye. Ukishuka kwenye maoni, kesi imeshaamuliwa: alivaa nini? Mbona alienda kwake? Ati alijitakia.

Na hilo neno kunajisi, vijana wenzetu, tulitazame. Kila aliyepita madrasa anajua najisi ni nini. Mtoto aliyevamiwa hajawa najisi, uchafu ni wa aliyemvamia. Hata sheria yetu ya mwaka 2006 mara nyingi huitwa Sheria ya Makosa ya Kimapenzi. Mapenzi gani hapo? Sheria hiyohiyo inamfunga maisha anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini. Sasa huyo naye muulizeni alivaa nini.

Machi 2021, watangazaji wa Homeboyz Radio walizungumzia kisa cha mwanamke aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofa ya 12 jijini Nairobi kwa sababu alimkatalia mwanamume. Hewani, lawama wakamtupia yeye, kwamba alijirahisisha. Watatu wakafutwa kazi, na Mamlaka ya Mawasiliano ikasimamisha kipindi kwa miezi 6 na kuitoza kampuni faini ya shilingi milioni 1. Vizuri. Lakini maneno hayohayo tunayaandika kila siku Facebook na kwenye grupu za WhatsApp, na hakuna mamlaka inayotugusa.

Hakuna ya duniani, yaani. Surat An-Nur aya ya 4 inamtaja anayemsingizia mwanamke mwema zinaa bila mashahidi wanne: viboko 80, na ushahidi wake usikubaliwe tena. Wewe uliyemwita malaya mtu usiyemjua, mashahidi wako wako wapi?

Kinachoudhi zaidi ni yale habari hizi zinayoyaacha. Utaambiwa urefu wa sketi. Hutaambiwa kwamba aliyebakwa awahi hospitali kabla ya masaa 72 kupita, apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, na asioge kwanza wala kufua nguo zile. Azibebe kwenye mfuko wa karatasi, si plastiki. Hutaambiwa kuna simu ya bure, 1195, na 116 kwa watoto. Habari kama hiyo ikiingia kwenye grupu leo, usisambaze picha yake. Andika namba hizo chini yake, kabla wengine hawajaanza na sketi.