Mbio za alfajiri, mbwa, na maneno ya barazani

Ukishuka ufukoni Nyali, Bamburi au Shanzu muda mfupi baada ya sala ya alfajiri, na khasa siku ambazo maji yamekupwa na kuuacha mchanga mgumu kama sakafu, utawaona wakimbiaji. Zamani wengi wao walikuwa wageni. Siku hizi wamo vijana wetu wenyewe, wana wa Kisauni na Mji wa Kale, wenye kusali na kufunga. Na baadhi yao hukimbia na mbwa.

Hilo la mbwa ndilo lililozua maneno barazani. Mmoja asema ni uzungu. Wa pili asema dini imekwisha. Wa tatu, ambaye tangu utu uzima wake hajapata kukimbia ila kuwahi feri ya Likoni, asema vijana hao wasipewe hata mkono. Nami nimeona ukurasa huu leo tuutoe kwa jambo hilo, kwani lina dini na dunia ndani yake, na wengi wanaolisema wanalisema nusu.

Mimi si mufti, wala sitoi fatwa. Nilisoma chuoni kama wenzangu, nikafundishwa tufundishwayo sisi wafuasi wa Imamu Shafi: mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Silitengui hilo, na elimu ya kulitengua sina. Lakini chuo kilekile kilitufundisha na mengine. Tulifundishwa kuwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameruhusu kuliwa windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa usasi. Na neno lililotumiwa hapo kwa wale wafunzaji, mukallibina, mzizi wake ni kalb, yaani mbwa. Tulifundishwa habari za vijana wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf, na mbwa wao aliyenyosha miguu yake kizingitini, akatajwa pamoja nao kila walipohesabiwa. Tulifundishwa hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mola akamghufiria dhambi zake. Na aliyesoma zaidi atakwambia kuwa Imamu Malik alimhesabu mbwa kuwa ni tohara, na kule kuosha chombo akakuona ni ibada tu.

Yote haya yamo vitabuni mwetu. Ajabu ni kuwa mtoto akitoka chuoni huikumbuka ile mara saba, akakisahau kisima. Akimwona mbwa njiani, mkono wake wa kwanza huenda kwenye jiwe, na wakubwa wamwonao hucheka.

Waarabu, ambao mara nyingi twawatolea ushahidi, hawakuwa hivyo. Bedui alimfuga saluki, mbwa mwembamba wa kuwindia swala, akamlaza hemani mwake na kumwona ni tunu isiyouzwa kwa mtu yeyote tu. Mbwa huyo hupiga mbio za kilomita 60 kwa saa na zaidi, na ndugu zetu walioko Ghuba wanajua kuwa mpaka leo hushindanishwa huko kama farasi na ngamia. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya 9, katika kitabu chake cha wanyama alieleza kwa kurasa nyingi mjadala wa mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo. Baada yake akaja Ibn al-Marzuban wa Baghdad, akatunga kitabu kizima cha kuonyesha kuwa mbwa ni bora kuliko wengi wavaao nguo. Jina hilo la kitabu peke yake latosha kumkosesha mtu usingizi.

Na sisi Waswahili je? Lugha yetu imemtia mbwa katika matusi, hilo kweli. Lakini wazee waliosema kuwa mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, walikuwa wamewatazama msasi na mbwa wake kwa makini, na hawakusema kwa dharau.

Basi tufike kwenye kiini. Hadithi zinasema kuwa mwenye kufuga mbwa bila haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo au wa kulinda shamba. Wanazuoni wengi wakapima juu ya hayo, wakaruhusu na mbwa wa kulinda nyumba. Swali ni moja: mbwa wa mkimbiaji ana haja au ni pambo?

Kwa wengine ni pambo, tusifichane. Kijana ameona picha katika simu, naye ataka picha kama ile. Huyo sina la kumtetea.

Lakini jirani yangu ana binti wa miaka 19, mkimbiaji wa mita 5,000. Hujisitiri mwili na kichwa, hutoka alfajiri kwa sababu saa tatu jua la Mombasa halikimbiliki, na ufuko ndio uwanja wake kwa kuwa uwanja mwingine wa karibu hana. Miezi mingi alikimbia peke yake. Wanaume walimpigia miluzi, walimwita majina, na siku moja wawili wakamfuata kwa pikipiki mpaka kwenye kijia chembamba kilicho baina ya kuta mbili, pale watu wapitapo kuteremkia baharini. Alipiga kelele, wakatokea wavuvi, akanusurika. Ndugu yake akamtafutia mbwa, jibwa jeusi la miaka mitatu lililofunzwa na mtu ajuaye, likalazwa bandani uani. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsogelea.

Wazee walipokwenda kwa babake nilikuwapo. Ulizungumzwa mbwa kwa muda wa saa nzima: mate yake, manyoya yake, malaika wasioingia nyumbani. Wale wanaume wa pikipiki hawakutajwa hata mara moja.

Kwa hiyo nawauliza mashekhe wetu, kwa adabu na kwa kutaka jibu: ikiwa mbuzi wa mtu na mahindi yake huruhusiwa mlinzi wa aina hii, je, binti yake? Wakisema hapana, basi watuambie ni nani atakayesimama ufukoni saa kumi na mbili alfajiri badala ya mbwa. Nitakuwa wa kwanza kuliandika jina lake hapa.

Haya, sasa upande wa pili, kwani wenye mbwa nao wana makosa yao, na si madogo. Ufuko ni wa watu wote. Mzee aliyetoka msikitini na kanzu yake, anyoshe miguu kidogo kabla ya chai, hana wajibu wa kurukiwa na mbwa aliyefunguliwa huku mwenyewe yuko nyuma hatua mia akisema kwa sauti kuwa mbwa wake hana neno. Kwako hana neno. Mzee yule itambidi arudi nyumbani akaoshe nguo mara saba. Mbwa na afungwe kamba, na kamba iwe kiunoni au mkononi mwa mkimbiaji. Huko Ulaya kumezuka mchezo mzima wa kukimbia umefungana na mbwa kwa ugwe wa kiunoni, uliotokana na mazoezi ya mbwa wavutao magari ya theluji. Hata katika mchezo huo hawafunguliwi.

Muislamu akimbiaye na mbwa akumbuke pia fiqhi ya jasho. Kavu kwa kavu haiambukizi najisi, tumesomeshwa hivyo. Lakini mkimbiaji ni maji matupu, na mbwa atokaye baharini ni maji matupu. Basi awe na nguo za mbio zilizo mbali na za sala, na aoshe inavyopasa kabla ya kutia udhu. Yule binti ana ndoo yake na udongo wake uani. Hili halimshindi mtu.

Mbwa naye ana haki zake. Yeye hatoki jasho mwilini kama sisi, ila kidogo tu nyayoni. Joto lake hulitoa kwa kutweta. Kwa unyevu wa hewa yetu, khasa wakati wa kaskazi, kumkimbiza mchana ni kumuua. Mchanga unaokuchoma wewe nyayo unamchoma naye. Asiachwe kunywa maji ya bahari, achukuliwe matamu. Kilebu asikimbizwe masafa kabla mifupa yake haijakomaa, na wale wenye pua bapa wasikimbizwe kabisa, kwani pumzi yao ni fupi.

Limebaki moja, nalo ndilo la kufa na kupona. Kichaa cha mbwa kingali nchini. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kukiondoa kwa binadamu ifikapo 2030, na mwaka huo si mbali. Ugonjwa huo dalili zikishamtokea mtu, hapana dawa. Huwa ni mauti. Kabla ya dalili kinga ipo: jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo apigwe sindano, na azimalize zote. Asiweke pilipili wala asisubiri kombe likauke. Na mtoto aliyeumwa mara nyingi hunyamaza, kwa kuwa anajua nyumbani hataulizwa jeraha liko wapi. Ataulizwa alikuwa akifanya nini na mbwa, na huenda akapigwa. Basi wazazi tumwulize jeraha kwanza. Na mwenye mbwa, awe wa mbio au wa ulinzi, ampeleke kwa daktari wa mifugo akachanjwe, na chanjo hiyo irudiwe kwa wakati wake, na cheti chake akiweke mahali ambapo jirani akija kukiuliza atakionyeshwa.