Mtandao ukikatika bondeni, bei hushuka shambani

Mkulima wa nyanya au kabichi wilayani Lushoto ambaye simu yake haipatikani siku ya mavuno hujikuta akiuza kwa bei ya dalali wa kwanza kufika. Mboga hazingoji. Ndiyo maana kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo wa mkoa wa Tanga, mtandao si suala la starehe bali la mapato.

Chanzo cha kwanza ni ardhi yenyewe. Mawimbi ya simu hayapenyi mlima, hivyo kijiji cha bondeni katika safu za Usambara kinaweza kuwa karibu na mnara na bado kisipate mtandao. Pwani ya Pangani na Mkinga kikwazo ni umbali. Mnara wa mfumo wa GSM kwa kawaida hauhudumii simu iliyo zaidi ya kilometa 35, hivyo mvuvi aliye mbali baharini hawezi kuuliza bei kabla ya kurudi.

Chanzo cha pili ni biashara. Kampuni za simu hujenga kwanza kwenye wateja wengi, yaani mijini na kandokando ya barabara kuu. Kuziba pengo hilo, sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaotoa ruzuku ya kujenga minara vijijini. Hata hivyo, mnara mmoja hauwezi kufikia kila bonde.

Wakati huo huo, zipo hatua zisizohitaji mtaji mkubwa:

- Kupigia simu nje ya nyumba ya bati, mahali pa juu panapoelekea mnara, bila kuifunika simu kwa kiganja.

- Kutumia simu ya laini mbili zenye kampuni tofauti, kwa kuwa minara yao huenda isiwe sehemu moja.

- Kutuma ujumbe mfupi. Mpokeaji akiwa hapatikani, ujumbe husubiri na kumfikia akipata mtandao.

- Kuelekeza simu kwa ndugu aliye mjini pale mtu asipopatikana. Akiwa kwenye mtandao, hubonyeza **62*, namba ya ndugu, kisha # na kupiga. Kufuta ni ##62#. Gharama ya simu inayoelekezwa kwa kawaida humwangukia mwenye laini, hivyo aulize kwanza kampuni yake.

- Kwa walio jirani na Horohoro, kuchagua mtandao wa nyumbani kwenye mipangilio, kwani simu huweza kudaka mnara wa Kenya na kutozwa viwango tofauti.

Hatua hizi hupunguza hasara tu. Serikali za vijiji nazo ziorodheshe vitongoji visivyo na mtandao, kitongoji kwa kitongoji, na kuzifikisha orodha hizo wilayani. Kata inayohesabiwa kuwa na mnara inaweza bado kuwa na wakulima wanaouza gizani.