Siku Isiyo na Ratiba katika Bonde la Orcia

Toleo hili linahusu matembezi ya mashambani nchini Italia, na ningependa tulifungue kwa kuitetea siku ambayo kampuni za utalii haziuzi: siku ya kuamka bila orodha, kunywa kahawa umesimama kaunta, kushika barabara yoyote inayotoka mjini na kukata kona pale jicho linapovutwa. Wapo wanaoiona siku hiyo kuwa uvivu, au anasa ya wenye fedha za kupoteza. Mimi naiona kuwa zao la kazi ya karne nyingi, na anayelila zao hilo ana haki ya kujua nani alilima.

Chukua Bonde la Orcia, kusini mwa Siena, katika mkoa wa Toscana. Ndani ya Palazzo Pubblico, jumba la serikali ya mji wa Siena, kuna chumba walichokutania watawala Tisa wa jamhuri ya Siena. Mwaka 1338 na 1339 Ambrogio Lorenzetti alichora kuta zake, akaonyesha utawala mwema na utawala mbaya, na kila mmoja unavyoifanya nchi. Upande wa utawala mwema, lango la mji liko wazi. Bwana mmoja anatoka na farasi kwenda kuwinda, mkulima anaingia akiswaga nguruwe, na nje huko watu wanavuna na kupura ngano. Juu yao anaelea mwanamke mwenye mabawa, aitwaye Usalama. Mkono mmoja ameshika hati inayosema kwamba kila mtu atembee bila hofu. Mkono wa pili ameshika mti wa kunyongea wenye mtu aliyenyongwa. Ukutani mkabala naye yuko Hofu, ameshika upanga, na chini yake nchi imeharibika. Lorenzetti hakupamba mambo. Alijua kwamba kijia cha shambani hakiwi salama chenyewe. Kuna mtu anakilinda, na ulinzi huo una gharama.

Bonde lenyewe lilipangwa upya katika karne ya 14 na ya 15, lilipokuwa chini ya Siena, kwa fikra hizo hizo za nchi iliyotawaliwa vizuri. UNESCO ilipoliingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004, hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu. Kwa hiyo anayezunguka huko bila mpango anazunguka ndani ya mpango wa watu wengine. Miji imekaa juu ya vilima, kila mmoja unauona mwenzake, na ndiyo maana kupotea si rahisi. Ukitoka mji wa San Quirico na kuuacha mkono wa kushoto au wa kulia uamue, mnara wa mji fulani utakuwa mbele yako daima.

Ukishuka Bagno Vignoni utakuta uwanja wa kijiji ni bwawa la mawe lililojaa maji moto ya chemchemi, na nyumba zimelizunguka. Ukipanda Pienza utakuta mji ambao Papa Pius wa Pili, mzaliwa wa hapo, aliuamuru ujengwe upya kuanzia mwaka 1459, wakati huo ukiitwa Corsignano. Msanifu wake, Bernardo Rossellino, aliuacha ua na veranda ya jumba la Papa vikitazama bonde na mlima Amiata. Papa huyo alipenda mashamba kuliko ukumbi, hata alifanya shughuli zake za kiserikali chini ya miti. Hapo Pienza nunua jibini ya kondoo, lakini iangalie saa: kuanzia saa saba mchana maduka mengi hufungwa, na jikoni nyingi huacha kupika kabla ya saa tisa. Anayetembea bila ratiba hana budi kuifuata ratiba ya wenyeji. Nadhani hiyo ni adabu inayofaa.

Jibini hiyo nayo ina habari yake. Kwa karne nyingi mashamba haya yalilimwa kwa mezzadria: mwenye ardhi alitoa shamba na nyumba, mkulima na familia yake wakatoa nguvu, na mavuno wakagawana. Zile nyumba za mawe zilizosimama pweke juu ya vilima, ambazo wageni huzipiga picha, zilikuwa makazi ya wakulima hao. Baada ya vita kuu ya pili walihama kwa wingi kwenda mijini na viwandani, na mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo. Wachungaji kutoka kisiwa cha Sardinia walikuja na kondoo wao kushika baadhi ya ardhi iliyoachwa. Kisha sheria ya mwaka 1985 ikawaruhusu wakulima kulaza na kulisha wageni, kwa sharti kwamba kilimo kibaki kazi yao kuu. Kitanda unachokipata bila kutafuta sana kimetokana na sheria hiyo.

Sitaki kumficha msomaji kwamba bonde hili limewahi kumjua yule Hofu wa ukutani. Ile barabara maarufu inayopanda kwa mikunjo kati ya miberoshi karibu na La Foce, ambayo wengi hudhani ni ya kale, ilitengenezwa kati ya vita kuu mbili za dunia na wanandoa Antonio na Iris Origo, walionunua shamba la La Foce likiwa limechakaa kwa mmomonyoko. Mwezi Juni 1944, mapigano yalipofika mlangoni pao, walitoka kwa miguu na watoto waliokuwa wamewahifadhi, wakaelekea Montepulciano, ambako wenyeji waliwapokea. Iris Origo aliyaandika hayo katika shajara aliyoichapisha mwaka 1947. Mwaka ule hakuna aliyetembea humo kwa kujifurahisha.

Msomaji wetu wa Dar es Salaam au Mombasa ana kikwazo kingine. Fomu ya viza ya Schengen inamtaka aonyeshe atakapolala muda wote wa safari yake, wakati raia wa nchi nyingine nyingi huingia bila kuulizwa mapema. Hati ya Usalama ilisema kila mtu, na natamani wenye mamlaka wa leo wairudie kuisoma. Hadi hapo, ushauri wangu ni huu: weka nafasi ya chumba kimoja San Quirico kwa siku zako zote za bondeni, badala ya kuhama mji kila asubuhi kama ratiba za vikundi zinavyotaka. Ubalozi utapata anwani yake. Pienza ni mwendo wa kilomita kumi hivi kutoka hapo, Bagno Vignoni ni karibu nusu ya hizo, na fomu haiulizi ulipita njia gani.