Namba ya Kosa Isomwe Yote

Umejengeka katika ofisi zetu, za jeshi na za polisi, mtindo usiopendeza. Kompyuta inapotoa namba ya kosa, karani husema "mashine imekataa", hubonyeza tena, na ikishindikana huizima na kuiwasha. Namba yenyewe hainakiliwi popote. Lakini karani huyo huyo akipangwa lindoni usiku hathubutu kuandika katika daftari kwamba "kuna jambo limetokea" bila ya kutaja saa, mahali na jambo lenyewe. Ripoti ya mashine nayo ni ripoti ya mlinzi, na yapasa isomwe kwa nidhamu ile ile.

Tuutazame mfumo wa CORBA, ambao kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1991 na muungano uitwao Object Management Group. Chini ya kanuni hizo, programu hugawanywa katika sehemu zinazojitegemea, ambazo wataalamu huziita vitu, na vitu hivyo hutawanywa katika kompyuta mbali mbali. Kitu kilicho makao makuu hukiamrisha kitu kilicho ghalani kana kwamba vyote viwili vimo katika chumba kimoja. Hata jeshini kanuni hizo zilifika: muundo wa programu uliowekwa kwa ajili ya redio za JTRS za majeshi ya Marekani ulisimama juu ya CORBA. Taabu imo katika neno hilo "kana kwamba". Kati ya anayeamrisha na anayeamrishwa kuna nyaya, minara na mitambo ya njiani, na chochote kati ya hivyo chaweza kukatika amri ikiwa safarini.

Amri ikikwama, mfumo huleta ripoti yenye mambo matatu: jina la kosa, namba yake, na hali ya utekelezaji.

Jina TRANSIENT maana yake ni kwamba kitu kilitafutwa na jibu halikupatikana. Halisemi kwamba kitu hakipo. Jina OBJECT_NOT_EXIST ni taarifa rasmi ya kifo: kitu hakipo tena, na aliyekuwa na anwani yake anayo ruhusa ya kuifuta. Kila ofisa anaijua tofauti hii. Askari asiyeitikia jina lake asubuhi huandikwa kuwa hakuitika. Haandikwi kuwa amekufa, wala jamaa zake hawapelekewi barua ya rambirambi.

Namba ndiyo inayowachosha wengi kwa urefu wake. Chukua 1330446337. Hiyo ni namba mbili zilizoshonwa pamoja. Ina biti 32: biti 20 za mwanzo humtaja mwenye daftari la makosa, na 12 za mwisho hulitaja kosa lenyewe ndani ya daftari hilo. Ukiondoa 1330446336, ambayo ni alama ya Object Management Group, hubakia 1, yaani kosa la kwanza chini ya jina lililotajwa. Kampuni ya Sun ilikuwa na alama yake yenyewe, 1398079488. Basi mwenye kuitafuta namba ya Sun katika daftari la muungano atapoteza siku nzima, na mwenye kunakili tarakimu mbili tatu za mwisho peke yake amempelekea fundi karatasi tupu. (Waliozitunga alama hizo walificha herufi O na M katika ile ya kwanza, na S na U katika ya pili. Wahandisi nao wana mizaha yao.)

Mimi naona jambo la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Hali ya utekelezaji ina majibu matatu: COMPLETED_YES, kazi ilikwisha kutendwa, COMPLETED_NO, kazi haikuanzwa, na COMPLETED_MAYBE, yaani labda. Tuseme mtunza ghala ametuma amri ya kutoa lita 200 za dizeli, na mawasiliano yakakatika baada ya amri kuondoka na kabla ya jibu kurudi. Jina la kosa huwa COMM_FAILURE, na hali yake labda. Je, dizeli imetolewa? Mtumaji hawezi kujua, kwa sababu amri iliyopotea njiani na jibu lililopotea njiani humwonekea sawa sawa. CORBA huahidi kwamba amri iliyorudi na kosa haikutekelezwa zaidi ya mara moja. Ahadi hiyo huvunjwa na kidole cha karani anayebonyeza tena. Ghala hutoa lita 400, na baada ya mwezi mtu asiye na hatia huitwa kueleza mafuta yalikokwenda.

Si kila amri ina hatari hiyo. "Fungeni lango" yaweza kurudiwa mara 10 na lango likabaki limefungwa. "Songeni mbele kilomita 2" ikirudiwa, kikosi kimefika mahali pengine kabisa. Dawa yake waendesha redio wanaijua: kila ujumbe upewe namba, na mpokeaji akiiona namba aliyokwisha kuishughulikia, atoe jibu lile lile la kwanza bila ya kutenda tena. Kanuni za CORBA za kustahimili hitilafu zilifuata njia hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba CORBA imepitwa na wakati, na ni kweli iliondolewa katika Java toleo la 11 mwaka 2018. Lakini mfumo wa gRPC, uliotolewa na Google mwaka 2015, una namba za hali 17, kuanzia 0 hadi 16, na namba 4, yaani muda umekwisha, yaweza kutolewa hata kama kazi imefaulu. Ni "labda" ile ile iliyobadili sare.

Kwa hiyo natoa rai kwamba mikataba ya kununua mitambo imlazimishe mwuzaji kukabidhi daftari la namba zake za makosa kabla ya kulipwa malipo ya mwisho. Madaftari ya zamu nayo yawe na nafasi tatu: jina, namba nzima, na hali. Na pale penye MAYBE karani asibonyeze kitu. Apige simu ghalani kwanza, aulize tangi lina lita ngapi.